Eksosomu za seli shina: cheti cha bechi kiwe na nini?

Mchanganyaji_Dar: Wakuu, natengeneza seramu za uso. Msambazaji ananiuzia unga wa eksosomu (vifuko vidogo sana vinavyotolewa na seli) za seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zilizotolewa kwenye mafuta ya binadamu. Cheti cha bechi (kundi moja la uzalishaji) kina vitu vitatu tu: idadi ya chembe, pH na hesabu ya bakteria (sifuri). Baadhi ya wateja wangu ni saluni zinazotumia dermarola (roli yenye visindano vya kutoboa ngozi). Nidai nini zaidi?

Benchi_la_Maabara: Mkuu, hiyo sifuri isikutulize. Mikoplazma, bakteria mdogo sana, hana ukuta wa seli, ananyumbuka na anaweza kupenya chujio la mikroni 0.22 la kuondolea bakteria, kwenye sahani ya kawaida ya kuhesabia bakteria haoti. Dai kipimo chake peke yake: kuotesha siku 28, au PCR (kipimo cha vinasaba) iliyothibitishwa. Halafu endotoksini. Bakteria wakifa, sumu ya kuta zao hubaki. Chujio hilo haliizuii, kukausha kwa baridi hakuiondoi.

Idadi ya chembe nayo hudanganya, maana mashine huhesabu hata mabonge ya protini na vitone vya mafuta. Msambazaji aoneshe kwamba CD9, CD63 na CD81 (protini za alama ya eksosomu) zipo, na kalneksini (protini ya ndani ya seli) haipo. Ikionekana, kuna mabaki ya seli zilizopasuka. Uliza pia seli zililishwa nini. Kama ni seramu ya ndama (majimaji ya damu yake, si seramu ya uso), ina eksosomu zake za ng'ombe, kwa hiyo seli zioshwe na kuhamishiwa kwenye lishe isiyo na seramu kabla ya kuvuna. Bila maelezo hayo hujui unauziwa binadamu au ng'ombe.

Aliyetoa mafuta naye awe amepimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Mfamasia_Pwani: Mimi kinachonitisha ni dermarola. Ngozi nzima haipitishi kirahisi molekuli zinazozidi daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 500 hivi. EGF, protini ya kuchochea ukuaji wa seli, ina kama 6,000. Kwa hiyo ukipaka tu, madhara ni machache, na faida pia (hili wauzaji hawalisemi). Ukitoboa, kila kilichomo kinaingia, pamoja na manukato na kihifadhi chako. Hapo bidhaa inatakiwa iwe tasa kama ya sindano, na seramu ya kuchanganyia mezani haifiki huko. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kabisa seli na mazao ya binadamu kwenye vipodozi.

Mchanganyaji_Dar: Anayo pia ya "seli shina za tufaha". Hiyo je?

Benchi_la_Maabara: Virusi vya binadamu utaviepuka. Ila ni dondoo, seli zimeshavunjwa. Usiandike kwamba zinaotesha ngozi mpya. Omba jina la kihifadhi na kiwango chake.

Mfamasia_Pwani: Na lebo ikidai kutibu makovu, umeshatoka kwenye vipodozi, vinavyosimamiwa na TBS (shirika la viwango), umeingia kwenye dawa, yaani TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba).