Kuuza pweza na jodari wa kugandishwa katika soko la Umoja wa Ulaya: masharti yanaanzia wapi?

Mwenye Chumba cha Ubaridi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninanunua pweza na jodari kwa wavuvi wa mashua ndogo na kuwagandisha katika chumba cha ubaridi nilichokodi. Nimepata mnunuzi katika nchi ya Umoja wa Ulaya ambaye yuko tayari kuchukua kontena la kwanza, ila anadai namba ya idhini ya kiwanda kabla ya kutia saini mkataba. Nilidhani leseni ya kuuza nje pamoja na cheti cha maabara vingetosha. Naomba wenye uzoefu mnieleze masharti haya yanaanzia wapi, na kama ninaweza kuyatimiza mwenyewe.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, mnunuzi wako ameuliza swali la haki, na ni heri ameliuliza kabla samaki hawajapakiwa. Wafanyabiashara wengi hutafuta mnunuzi, wakakusanya samaki, wakamalizia na karatasi, ilhali soko hilo linataka mpangilio ulio kinyume kabisa.

Kwanza hutazamwa nchi. Ni lazima iwe katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa kupeleka mazao ya uvuvi huko, na iwe na mamlaka ya serikali ambayo Tume ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya) imeridhika kwamba inasimamia usafi wa meli, madiko na viwanda kwa kiwango kinacholingana na chao. Kisha hutazamwa kiwanda: mamlaka hiyo hukikagua, hukipa namba ya idhini, na ndiyo inayopeleka jina lake ili liorodheshwe. Mfanyabiashara binafsi hawezi kuiandikia Tume na kuomba aingizwe. Orodha hizo ziko wazi katika intaneti, kwa hiyo kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote angalia kama chumba ulichokodi kimo, kwa kuwa hata vyumba vya ubaridi huorodheshwa.

Kama hakimo, njia halali na ya haraka ni kukubaliana na kiwanda chenye namba kikuchakatie na kukufungashia. Hapa ninasisitiza jambo moja: samaki aliyekwisha kugandishwa mahali pasipoidhinishwa hawezi kuhalalishwa kwa kupitishwa baadaye katika kiwanda chenye idhini. Afike pale akiwa mbichi, ndani ya barafu, moja kwa moja kutoka dikoni.

Cheti cha afya hutolewa na mkaguzi wa mamlaka kabla shehena haijatoka mikononi mwake. Cheti kinachotafutwa meli ikiwa imekwisha kung'oa nanga hakina thamani. Huko kwenye kituo cha ukaguzi mpakani hulinganisha nyaraka na masanduku, na namba ya lakiri ya kontena iliyokosewa katika cheti inaweza kuzuia shehena ambayo samaki wake ni wazuri kabisa.

Fundi wa Maabara amejibu:

Ninaongezea kuhusu vipimo, kwa sababu cheti kimoja cha maabara hakithibitishi usalama wa kontena zima. Kwa jodari, hofu kubwa ni histamini, kemikali inayoweza kumdhuru mlaji, ambayo huzalishwa na bakteria samaki anapokaa kwenye joto. Ikishajitengeneza, haiondolewi kwa kugandisha wala kwa kupika, na ndiyo maana barafu ya ndani ya mashua ni muhimu kuliko mashine za kiwandani. Kanuni ya Ulaya huchukua sampuli 9 katika kila kundi: wastani wake usizidi miligramu 100 kwa kilo, sampuli zisizozidi 2 zinaweza kuwa kati ya 100 na 200, na hata moja isivuke 200.

Kwa pweza, angalia kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu. Hujikusanya zaidi katika matumbo, na kikomo cha miligramu 1 kwa kilo huhesabiwa kwa nyama iliyotolewa matumbo, kwa hiyo pweza wasafishwe vizuri. Zebaki nayo ina kikomo chake: miligramu 0.3 kwa pweza na 1 kwa jodari. Baada ya kugandishwa, nyuzi 18 za sentigredi chini ya sifuri zidumishwe hadi mwisho wa safari, na kumbukumbu za kipimajoto zihifadhiwe, kwani mfumo wa HACCP, yaani wa kutambua na kudhibiti hatari za usalama wa chakula, usio na kumbukumbu hauwezi kumridhisha mkaguzi yeyote.

Mwenye Chumba cha Ubaridi ameandika:

Nawashukuru sana, wakuu. Nimeangalia orodha na chumba changu hakimo, kwa hiyo nitazungumza na kiwanda. Limebaki jambo moja: mnunuzi anataka pia hati ya uvuvi, nami nanunua kwa mashua nyingi ambazo hata daftari la safari hazina.

Mwandaaji wa Nyaraka amejibu:

Hati hiyo, inayothibitisha kwamba samaki walivuliwa kihalali, inatokana na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1005/2008 ya kuzuia uvuvi haramu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010, na inahusu samaki wa baharini waliovuliwa. Samaki wa maji baridi na wa kufugwa hawamo. Huthibitishwa na nchi ambayo chombo kinapeperusha bendera yake. Ukinunua jodari kwa meli ya nchi nyingine, serikali ya nchi hiyo ndiyo ithibitishe, hata kama kiwanda kiko kwenu.

Mashua ndogo zimewekewa hati rahisi, ambayo inakusanya vyombo vingi katika shehena moja: vyombo vyenye urefu usiofikia mita 12 visivyokokota nyavu, au mita 8 kwa vinavyokokota, au visivyo na muundo uliojengwa juu ya sitaha, au vyenye chini ya tani 20 za ujazo. Sharti ni kwamba samaki wote wawe wameshushwa katika nchi ya bendera ya vyombo hivyo. Msafirishaji ndiye anayesaini, kwa hiyo anza leo kuandika dikoni jina la kila mashua, tarehe, aina ya samaki na uzito, kwa sababu ofisa atakapokuuliza ulipopata pweza hao hutaweza kukusanya maelezo hayo kwa kumbukumbu ya kichwa.