Santuri za Babu na dakika za upande mmoja

*Kikundi: UKOO WA MZEE KOMBO*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Sanduku la santuri za Babu limefunguliwa. Zilizo katika hali nzuri: Thriller ya Michael Jackson, Synchronicity ya The Police, The Game ya Queen, Love over Gold ya Dire Straits na 1999 ya Prince. Nataka kuzirekodi kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

Mjomba Kassim: Marahaba mwanangu. Anza na kuosha, kompyuta baadaye. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya betri yasiyo na asidi, lita moja, na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa kufuata mfereji, ule mstari sindano inamopita, kuzunguka, usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza na maji yaleyale yasiyo na sabuni, simamisha ikauke kivulini.

Shangazi Tatu: Na maji ya bomba je? Ndiyo watu wanayotumia.

Mjomba Kassim: Ndiyo yanayoharibu. Ya Pwani yana chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki ndani ya mfereji, na sindano inaisoma kama kelele.

Zuhura: Sawa. Ipo redio-gramu ya sebuleni, naweza kutumia hiyo?

Mjomba Kassim: USITHUBUTU 😅 Zile katriji za kauri, yaani vichwa vinavyoshika sindano, zinakandamiza kwa gramu 4 hadi 6. Santuri hizi zinataka gramu 1.5 hadi 2. Ukizicheza huko, sauti za juu zinakwanguliwa na hazirudi.

Abdi (Minnesota): Huku mashine za santuri za mitumba zimejaa. Namtafutia Zuhura moja, tutampelekea na transfoma ya kushusha umeme.

Mjomba Kassim: Abdi baba, ngoja kwanza. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Mota nyingi za zamani za huko zinafuata mapigo ya umeme, 60 kwa sekunde. Huku tuna 50. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka kama 28. Sauti inashuka zaidi ya nusutoni tatu, Michael Jackson anakuwa Barry White, yule mwimbaji wa sauti nzito.

Abdi (Minnesota): 🤣🤣 Dawa?

Mjomba Kassim: Puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, iliyotengenezwa kwa hezi 50, yenye kipenyo kikubwa kidogo. Au tafuta mashine yenye mota ya DC (umeme mnyoofu) inayotumia adapta, hiyo haijali hezi.

Shangazi Tatu: Zuhura, mashine ikifika, kabla ya kurekodi angalia kila upande una dakika ngapi. Hapo ndipo siri ya santuri za miaka ile ilipo. Upande wa kama dakika 18 una nafasi ya besi nzito. Ukipita 22, fundi wa kukata santuri analazimika kupunguza sauti na besi, la sivyo mifereji inagongana.

Zuhura: Kwa hiyo urefu wa nyimbo unaamua uzito wa besi?

Shangazi Tatu: Kabisa. Thriller ya 1982 ndiyo ushahidi. Mchanganyo wa kwanza ulikuwa mrefu mno kwa pande mbili, ukatoka mwembamba. Mtayarishaji Quincy Jones na fundi wake wa sauti Bruce Swedien wakarudi studio, wakafupisha utangulizi wa Billie Jean, wakatoa ubeti mmoja wa The Lady in My Life, wakachanganya nyimbo upya moja moja. Albamu ikabaki na dakika kama 42. Sasa linganisha na The Game ya 1980: nyimbo 10, dakika 35 tu. Sikiliza gitaa la besi la John Deacon kwenye Another One Bites the Dust, utajua nafasi ilikuwepo.

Abdi (Minnesota): Queen ya mtoto wa Unguja 🙌🏾

Shangazi Tatu: Freddie Mercury, mwimbaji wao, kazaliwa Unguja 1946, ndiyo. Na hiyo ndiyo albamu yao ya kwanza kuingiza sintesaiza, kile kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. Zilizotangulia walijigamba jaladani kwamba hawazitumii.

Mjomba Kassim: Tatu kasema kweli, na kuna jambo la pili. Mwanzo wa upande, ukingoni, mfereji unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21. Muziki uleule, nafasi chini ya nusu. Ndiyo maana wimbo wa mwisho huchakaa wa kwanza, herufi "s" zinakuwa kama mchanga. Watayarishaji walijua, wengi wakaweka nyimbo za taratibu mwishoni. Thriller upande B unafungwa hivyo.

Zuhura: Na Love over Gold?

Mjomba Kassim: Hiyo jaribio la kweli. Upande A nyimbo mbili tu: Telegraph Road dakika 14 na zaidi, kisha Private Investigations. Gitaa la kunong'ona, halafu vishindo vya ghafla, yote karibu na lebo. Sindano iliyochakaa itakuumbua hapo. Tumia wimbo huo kupima: ukikwaruza mwishoni lakini Telegraph Road ni safi, tatizo ni sindano au mpangilio wa katriji.

Zuhura: Uzito wa sindano naupangaje?

Mjomba Kassim: Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono wa sindano uelee sambamba na santuri, hauinuki hauzami. Peleka pete ya namba kwenye sifuri bila kuzungusha uzito wenyewe. Kisha zungusha vyote pamoja mpaka 1.8 au namba ya katriji yako. Usiweke nyepesi sana ukidhani unahifadhi santuri: sindano inarukaruka na kuchimba kuta.

Abdi (Minnesota): Kwenye kompyuta?

Shangazi Tatu: Angalia kama nyuma ya mashine kuna swichi ya PHONO (sauti bado haijakuzwa) na LINE (mashine imeshaikuza). Ukipita kwenye amplifaya yenye tundu la fono, weka PHONO. Ukienda moja kwa moja kompyuta, LINE, na uchomeke kwenye tundu la LINE IN, siyo la maiki. Ukikuza mara mbili, besi inavimba na sauti inapasuka. Ikinguruma "mmmm", funga waya wa ethi (wa ardhini) kwenye amplifaya. Rekodi kwa programu ya Audacity, biti 24, kilele kisipite desibeli -6, maana mkwaruzo mmoja unaweza kuzidi ngoma. Hifadhi FLAC, faili lisilopoteza sauti. Kifuta kelele cha programu kiache, kinakula matoazi.

Zuhura: Synchronicity sioni Murder by Numbers. Imekatwa?

Shangazi Tatu: Haikuwekwa kwenye santuri ya 1983. Ilikuwa kwenye kaseti na CD. Na 1999 ni kinyume chake: santuri mbili zina nyimbo zote 11, ila CD za mwanzo ziliacha D.M.S.R. ili itoshe. Kwa hiyo hiyo ya Babu irekodi yote.

Abdi (Minnesota): Nimeona mashine moja nzuri, kibandiko cha nyuma kinasema 120V 60Hz.

Mjomba Kassim: Ina mkanda au mota iko chini ya sahani moja kwa moja?

Abdi (Minnesota): Mkanda.

Mjomba Kassim: Muulize muuzaji kama puli ya 50 inapatikana. Hana jibu, iache.