Faili za Windows zimeharibika: nirekebishe mwenyewe, nimpe fundi afomati, ama niweke SSD?

Mwana_Kisauni
Asalaam aleikum wakubwa. Kompyuta ya nyumbani ina vituko tangu stima ipotee Jumanne usiku ikiwa yawaka. Ukibonyeza Start haifunguki, Excel yafunguka kisha yajifunga yenyewe, na mara mbili imenitolea ile skrini ya buluu. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari nimemueleza kwa simu akasema faili za mfumo zimeharibika na dawa ni kufomati, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya, 1500. Mwenzangu kazini yuwasema nisikubali kufomati, kuna komandi za kurekebisha. Shemeji naye yuwasema nitoe diski niweke SSD, ile diski isiyozunguka, yeye ashaulizia ni 3500. Kila mtu anivuta upande wake. Mamangu anapika biriani za harusi na hesabu za oda zake zote ziko humo, na Ijumaa ijayo ana oda ya watu 300. Nifate njia gani?

Fundi_Tudor
Waaleikum salaam. Mdogo wangu, hapo bado hujatwambia kitu. Windows gani, 7 ama 10? Ramu ngapi? Diski ni ya kuzunguka ama tayari ni SSD? Ina miaka mingapi? Na la muhimu kuliko yote, hizo hesabu za mama ziko mahali pengine popote ama ni humo tu?

Baharia_77
Weka SSD umalize maneno. Mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka ni kuhangaika bure, utarekebisha leo kesho iko vile vile.

Bint_Kongowea
Kaka yangu kabla hujaipeleka kwa mtu yeyote nisikize mimi, maana yalonifika sitaki yamfike mamako. Mimi ni mwalimu. Laptopu yangu ilianza hivyo hivyo, yaganda, yajizima, yasema yarekebisha kisha yarudi pale pale. Nikaipeleka kwa duka moja huko mjini, nikamwambia kijana aliyekuwapo, nna alama za wanafunzi za miaka mitatu na picha za marehemu babangu, tafadhali zisiguswe. Akaniambia usijali madam, sisi twaacha D hatuigusi. Mimi sikujua hiyo D ni nini, nikaenda zangu nikaridhika. Jioni nikarudi, laptopu yafunguka vizuri, nyepesi, nikafurahi, nikalipa. Kufika nyumbani Documents haina kitu, Desktop haina kitu. Kumbe D ni kipande cha pili cha diski na laptopu yangu haikuwa nacho, ilikuwa na C peke yake na kila kitu kilikuwa kwa C. Nilirudi kesho yake wakaniambia nilipaswa kusema mapema. Nilisema! Baadaye kijana wa jirani akanijaribishia programu ya kufufua faili, zikarudi baadhi ya picha, hazina majina, zengine nusu chini ni kijivu, na ile moja ya babangu amekaa barazani na kofia yake haikurudi mpaka leo. Alama za wanafunzi nikaziandika upya kutoka kwa karatasi, na zilizokosa karatasi nikaenda kuwauliza walimu wenzangu mmoja mmoja. Kwa hivyo usikabidhi kompyuta ya mamako kabla hujatoa faili zake kwa mkono wako mwenyewe ukazifungua kwa mashine nyengine ukaziona zafunguka.

Fundi_Tudor
Pole sana mwalimu. Na hapo una haki, hilo kosa ni la fundi, mteja halazimiki kujua C na D. Fundi ndiye wa kuuliza na kuangalia.

Mwana_Kisauni
Pole dada, hilo limenitisha kweli. Samahani kwa kutoeleza: ni HP ya mezani, Core i5 ya kizazi cha 3, tuliinunua mtumba kama miaka mitano nyuma, ramu 4GB, diski ya kuzunguka 500GB, Windows 10. Hesabu ziko humo tu. Yafunguka mpaka Desktop lakini polepole sana.

Msafiri_Likoni
Kama yafunguka basi leo leo chukua flashi unakili Documents na Desktop. Ikikataa kufunguka bado si mwisho. Nenda kwa mashine ya mwenzako, andika Linux Mint, mfumo mwengine wa kutumia badala ya Windows, kwa flashi, buti nayo bila kuisakinisha, utaona diski yako na utanakili faili kwa raha zako, Windows haihusiki hapo kabisa. Na kusema kweli ukishaona inavyokwenda huenda ukaibakisha. Windows 10 yenyewe Microsoft walimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, hiyo yako haifiki huko. Mint haina laisensi ya kununua na kwa 4GB yaenda.

Baharia_77
Mama anatumia Excel we wamwambia habari ya Linux.

Msafiri_Likoni
LibreOffice yafungua faili za Excel. Za oda za biriani ni jumla na kutoa, si hesabu za benki kuu.

Baharia_77
Yafungua ndio, lakini umri wa mamake hujaujua, kila kitufe kimehama mahali. Wiki ya harusi si wiki ya kumfundisha mtu programu mpya.

Fundi_Tudor
Hayo tuyaweke kando kwanza. Mwana_Kisauni ukishanakili fanya hivi. Andika cmd pale pa kutafuta, bonyeza kulia, chagua kuendesha kama msimamizi. Start ikigoma, bonyeza kitufe cha Windows na X pamoja, ile PowerShell ya msimamizi itakutosha. Anza na

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikimaliza ndio upige

sfc /scannow

Wengi huanza na sfc na ndio maana huwashinda. sfc hulinganisha faili za mfumo na nakala zilizoko ndani ya stoo ya Windows yenyewe, folda ya WinSxS, ikiona mbovu yachukua nzima kutoka stoo. Sasa ikiwa stoo nayo imeoza, utatoa nini huko? DISM ndiyo yarekebisha stoo, tena hushusha faili nzima kutoka Windows Update, kwa hivyo uwe na intaneti. Ikisimama 62.3% muda mrefu usiizime, huwa yakaa hapo kisha yaendelea.

Mwana_Kisauni
Nimenakili kwa flashi ya 32GB na nimezifungua kwa laptopu ya shemeji, zote nzima, alhamdulillahi, dada Bint shukran sana. Nimepiga DISM kwa hotspoti ya simu, imekwenda kidogo ikaniambia kosa 0x800f081f. sfc yasema imepata faili zilizoharibika lakini baadhi imeshindwa kuzirekebisha.

Fundi_Tudor
Hilo kosa maana yake haikupata mahali pa kutolea faili nzima. Saa ya hiyo kompyuta yasema mwaka gani?

Mwana_Kisauni
Mbona umejua? Yasema Januari 2012. Kila ukiichomoa ukutani yarudi huko, sisi tushazoea hatuiangalii. Hata Gmail yakataa kufunguka, yatoa onyo la usalama.

Fundi_Tudor
Nimekisia kwa umri wake. Betri ndogo ya ubaoni imekufa, ile ya duara CR2032, kama ya saa. Mashine ikidhani ni 2012 vyeti vya usalama vya tovuti vyaonekana havijaanza hata kutumika, mawasiliano yanakataliwa, na Windows Update nayo ni vile vile. Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha utoe stima ya mwili, badilisha betri, uwashe urekebishe tarehe, halafu urudie DISM.

Bint_Kongowea
Betri hizo zapatikana wapi huku Kongowea? Yangu pia saa yapotea.

Shee_Mtwapa
Kwa wanaotengeneza saa na rimoti utazipata, hakikisha imeandikwa 2032 maana 2025 ni nyembamba zaidi haikazi vizuri. Na mkiwa mwafungua hayo makasha angalieni ramu. Sisi tuko pwani bwana, upepo wa chumvi huu wala chuma cha dirisha, sembuse zile shaba nyembamba. Mimi Mtwapa yangu ilikuwa yatoa skrini ya buluu nikadhani ni Windows, nikasakinisha upya mara mbili, kumbe meno ya ramu yameshika ukungu wa kijani. Nikatoa, nikasugua polepole na raba ya penseli, nikarudisha, ikatulia. Hiyo ni miaka miwili sasa.

Baharia_77
Na diski je? Nyote mwazungumza faili, hakuna aliyeuliza kwa nini zimeharibika. Aweke CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, atwambie rangi.

Mwana_Kisauni
Betri nimeweka, nimepata kwa shilingi mia. Gmail imefunguka hapo hapo! DISM imekwenda mpaka mia kwa mia, kweli ilisimama 62.3 karibu dakika ishirini nikaiacha kama ulivyosema. sfc mara ya pili yasema imepata mbovu na imezirekebisha zote. Start yafunguka, Excel yafunguka haijifungi tena. Mama amefurahi. Lakini CrystalDiskInfo ni njano, imeandika Caution, na penye Current Pending Sector pana 8.

Baharia_77
Nilisema. Diski yafa hiyo. Kurekebisha faili juu ya diski inayokufa ni kupaka rangi ukuta uliokwisha kuliwa na mchwa. 3500 si pesa ukilinganisha na oda ya watu 300.

Fundi_Tudor
Njano si lazima iwe kifo. Stima ikikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, kipande kile kinabaki nusu nusu, kusomeka hakisomeki, diski inakiweka kwenye foleni ya kungojea, ndiyo hiyo Pending. Kikiandikwa tena na kikakubali, hesabu yashuka mpaka sifuri. Kikikataa, diski yakihamisha, na hapo Reallocated, hesabu ya vilivyohamishwa, ndiyo itapanda. Ya Reallocated yasema ngapi?

Mwana_Kisauni
Sifuri.

Fundi_Tudor
Basi hatujui bado. Kwa vile faili zishatolewa, piga chkdsk C: /r, komandi ya kukagua diski, itakuuliza kama ifanye ukiwasha upya, andika Y. Kwa 500GB yaweza kuchukua masaa, iache usiku.

Baharia_77
Fundi kwa heshima zako hapo sikubaliani na wewe. chkdsk ya /r yasoma diski yote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Diski ikiwa kweli mgonjwa wamkimbiza mgonjwa mbio. Mimi ningehamisha kila kitu kwa SSD kwanza, hiyo ya zamani ndio ajaribie atakavyo.

Fundi_Tudor
Ningekuwa sijui kama amenakili ningesema kama wewe. Amenakili, amefungua, ameona.

Msafiri_Likoni
Na ukiweka SSD uelewe kitu kimoja, faili ukizifuta huko kuzifufua ni vigumu mno, maana mfumo huiambia SSD isafishe pale palipofutwa. Zile picha chache alizozipata mwalimu kwa SSD pengine asingezipata hata moja. SSD ni nzuri lakini haikuondolei kazi ya bekapu.

Bint_Kongowea
Sikuyajua hayo. Sasa hivi mimi naweka mara tatu, flashi, simu na Google Drive.

Shee_Mtwapa
Mimi nauliza, pesa hiyo ya SSD mbona asinunue UPS kwanza, lile sanduku la betri la kushikilia kompyuta stima ikipotea? Kilichoanzisha yote ni stima. Ataweka SSD, Jumanne nyengine stima ipotee ikiwa Windows yaweka apdeti, tutarudi hapa hapa. Nusu ya mitambo mibovu ninayoiona ni stima kupotea na kurudi kwa kishindo.

Baharia_77
UPS za mtumba betri zake zimekufa tayari, wanunua sanduku zito tu. Angalau laptopu ina betri yake. Kwa kweli hata mimi ningemshauri aanze kuweka akiba ya laptopu ya mtumba ya kizazi cha 8.

Shee_Mtwapa
Betri ya UPS yabadilishwa, nyingi ni ile ya 12V 7Ah, hata wa kengele za wizi wanayo. Yangu nimebadilisha mwenyewe.

Mwana_Kisauni
Jamani mwanizidishia. Nlikuja na njia tatu sasa zimekuwa sita. Fundi, je nikitaka kuiweka Windows upya bila kupoteza Excel yawezekana? Shemeji amesema kuna Reset.

Fundi_Tudor
Reset hata ukichagua ibakishe faili zako, programu ulizoweka mwenyewe zaondoka, na Excel ni mojawapo. Kama wataka vyote vibaki, shusha ISO ya Windows 10, ile faili moja yenye Windows nzima, kutoka kwa Microsoft, ifungue ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo, bonyeza setup, uchague kubakisha faili na programu. Lazima iwe lugha ile ile na aina ile ile, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Ni zaidi ya GB 5, tafuta wifi usimalize bando. Lakini sfc ishasema imerekebisha zote, mimi kwa sasa nisingeigusa.

Mwana_Kisauni
Nimepiga chkdsk jana usiku, ilichukua mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi imefunguka. Pending imeshuka kutoka 8 hadi 3, Reallocated bado sifuri, rangi bado njano.

Fundi_Tudor
Imeshuka, vizuri. Angalia tena kila siku mpaka Ijumaa. Ikipanda hata moja, nunua SSD siku hiyo hiyo.

Baharia_77
Mimi ningeinunua leo.

Mwana_Kisauni
Nimemwambia mama oda mpya aandike pia kwa daftari mpaka harusi ipite. Amesema daftari hajawahi kuliacha.

Kijana_Changamwe
Samahani nadandia hapa hapa. Mimi nimejaribu ile DISM ya RestoreHealth yakataa, yasema haitambui. Yangu ni Windows 7. Shida nini?

Fundi_Tudor
RestoreHealth ilianza na Windows 8, kwa 7 haipo. Hapo una sfc, na ile zana ya Microsoft ya KB947821 ya kukagua stoo. Lakini fungua mada yako mwenyewe kijana, na uanze kwa kutwambia ramu ngapi, diski gani, na kama faili zako umeshazitoa.