Tupeane uzoefu: sekunde za mwisho ambazo hadi leo hazijakutoka

KONA YA KUSHOTO: Wadau wa kikapu, jana jioni nimetazama vijana wa mtaa wetu hapa Jinja wakiongoza kwa pointi tatu, zimebaki sekunde tisa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kufanya faulo. Mpinzani kaachia tatu, yaani mtupo wa mbali wa pointi tatu, imezama, ngoma droo. Nimerudi nyumbani sina raha, maana imenirudisha Juni 2013, fainali ya NBA, ligi ya Marekani, mchezo wa sita, Spurs yangu na Miami. Kwetu ni saa kumi alfajiri, mmejifunika mablanketi sebuleni, sauti mmepunguza wazee wasiamke. Spurs wanaongoza 94-89, sekunde 28 tu. Mimi nimeshavaa kiatu kimoja niende kuwaamsha wenzangu. Ginóbili wetu alikuwa amekosa mtupo huru mmoja, ule wa pointi moja wa baada ya faulo; LeBron wa Miami akafunga tatu, kisha Leonard wetu naye akakosa mmoja kati ya miwili, ikawa 95-92. LeBron karusha tatu nyingine, imegonga pete. Duncan, mrefu wetu, yuko benchi! Bosh wa Miami kadaka ribaundi, mpira uliorudi kutoka kwenye pete, na mwenzake Ray Allen anarudi kinyumenyume hadi kona bila hata kuutazama mstari wa tatu. Sekunde 5.2 zimebaki, droo. Muda wa ziada tukafa 103-100, na mchezo wa saba tukapoteza. Sasa niambieni: ukiongoza kwa tatu, unafanya faulo ili wapate mitupo huru miwili tu, au unalinda? Leteni na yenu.

SHEMEJI WA MALABA: Faulo. Hapo hakuna mjadala.

MZEE WA UBAO: Mjadala upo, shemeji. Ukimfaulu anapewa mitupo miwili. Anaingiza wa kwanza, wa pili anaukosesha makusudi, warefu wao wanarukia ribaundi. Wakiipata, umekwisha. Na Spurs ile iliuawa na nini? Ribaundi. Mimi nalinda mstari, na mtu wangu mrefu simtoi uwanjani.

SHEMEJI WA MALABA: Mzee wangu, kwani kila mtu anajua kukosesha mtupo akadaka? Ni bahati nasibu. Tatu ya kona kwa NBA ni mita 6.70, fupi kuliko ya katikati ambayo ni 7.24. Ray Allen pale ni kama kumpa mtu chai mezani.

KIJANA WA KIBULI: Mimi iliyoniuma ni fainali ya NBA 2016, Golden State ya Curry na Cleveland ya LeBron, mchezo wa saba. Ni 89-89, timu zote zimekauka dakika kadhaa hakuna anayefunga. LeBron akamzimia Iguodala ule mpira ubaoni, kisha Kyrie akaachia tatu usoni kwa Curry, sekunde 53. Sawa, hiyo naimeza. Lakini Curry akageuka naye akatafuta tatu mbele ya Kevin Love wakati muda upo! Chukua mbili za haraka, rudi ulinde, bado unaishi. Golden State walikuwa wanaongoza michezo 3-1 kwenye fainali, jamani.

KONA YA KUSHOTO: Hapo tuko pamoja.

MAMA PACHA: Nimesoma neno kona nikaweka mwiko chini. Miaka mingi sijaisimulia hii.

Nilichezea shule ya bweni huku mashariki. Fainali ya wasichana, uwanja wa saruji, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, tukafagia maji kwa mifagio ya mabweni. Mpira wetu ulikuwa umelika hadi laini kama kichwa cha mtoto, na pete hazikuwa na nyavu. Kumbukeni hilo la nyavu.

Tunaongoza kwa tatu. Sekunde sita. Kocha anapiga kelele, "Faulo! Faulo!" Mimi ndiye niko na mpigaji wao, msichana mrefu wa mkono wa kushoto. Nikamsikia kocha, lakini miguu ilichelewa. Nilipomfikia alikuwa ameshaupandisha mpira. Nilimgusa kiwiko. Kidogo tu, ngozi kwa ngozi. Filimbi. Refa akanyoosha vidole vitatu.

Mitupo mitatu. Wa kwanza ulipita kimya kabisa, hakuna wavu wa kutikisika, hadi nikamwangalia mtu wa meza nione kama anaandika. Akaandika. Wa pili, akaandika. Wa tatu ulizunguka pete mara mbili na mimi nilikuwa nimesimama chini yake, nimeinua mikono kuusubiri. Ukaingia.

Muda wa ziada faulo zangu tano zikatimia, nikakaa nje. Tukapoteza kwa moja. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyenilaumu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Wangenitukana ningelia yakaisha.

BINTI WA ARUA: Pole dada. Nimelia mimi.

KIJANA WA KIBULI: Dada, kosa ni la kocha! Faulo inafanywa mpira ukiwa bado unadundwa. Alichelewa yeye kusema.

MZEE WA UBAO: Usimlaumu kocha, mdogo wangu. Kocha alisema. Na nyie mnaofundisha faulo, mnawaambia watoto kuhusu sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia? Ukimshika mtu bila kuutafuta mpira, refa anaweza kuita faulo isiyo ya kimichezo. Mitupo miwili na mpira unabaki kwao. Nimeona timu ikizikwa hivyo.

SHEMEJI WA MALABA: Umeona wapi?

MZEE WA UBAO: Nimepuliza filimbi kabla hujazaliwa. Heshima, shemeji.

SHEMEJI WA MALABA: Nimekuelewa, mzee. Yaishe.

BINTI WA ARUA: Na sisi tuna la furaha, msisahau. Kigali 2021, AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, Silverbacks, timu yetu ya taifa ya Uganda, wakaichapa Nigeria 80-68 na kuingia robo fainali. Nigeria! Mimi na kaka zangu tulitoka na masufuria barabarani. Cape Verde wakatutoa baadaye, lakini usiku ule sitaubadilisha na kitu.

KIJANA WA KIBULI: Ule usiku Kibuli haikulala.

KONA YA KUSHOTO: Ukiongoza kwa 12 huhitaji kujadili faulo.

MZEE WA UBAO: Ndiyo nasema, mitupo huru. Giannis, nyota wa Milwaukee, mashabiki walikuwa wanamhesabia sekunde ugenini akiwa mstarini, wakimzomea. Mchezo wa mwisho wa fainali ya NBA 2021 akaingiza 17 kati ya 19, pointi 50, ubingwa ukaenda Milwaukee. Watoto wapige mitupo hamsini kila siku wakiwa wamechoka, baada ya kukimbia, si kabla.

SHEMEJI WA MALABA: Hamsini ni mingi, mikono inalegea. Ishirini inatosha.

BINTI WA ARUA: Mia!

MAMA PACHA: Mimi nafundisha wasichana Jumamosi, uwanja ulio nyuma ya soko, huku kwetu. Zoezi la kwanza kila wiki ni hilo: sekunde sita, tunaongoza kwa tatu, mguse kiuno kwa mkono wa chini mpira ukiwa bado sakafuni. Wanarudia hadi miguu iitangulie akili. Na nyavu nimenunua mbili, nimezifunga mwenyewe kwa ngazi.

KONA YA KUSHOTO: Saa ngapi dada? Nataka kuwaleta wale vijana wangu wa jana.

MAMA PACHA: Saa tatu asubuhi. Njooni na mpira, wetu umebaki mmoja.