Tupeane uzoefu: wazee, wazazi na vijana hutumiaje fedha nyumbani kwenu?

Ndugu zangu, salaam. Hapa kwetu Morogoro tunaishi vizazi vitatu katika nyumba moja: mama yangu mwenye miaka 74, mimi na mume wangu, na kijana wetu wa miaka 23. Mwezi uliopita niliandika daftarini matumizi ya kila mmoja, nami ningependa kusikia ya kwenu.

Mama hununua mchele kwa gunia mara tu mavuno ya Kilombero yanapoingia sokoni, na sandukuni mwake hamkosi miche ya sabuni. Nilizoea kumlaumu kwa kufungia fedha kwenye bidhaa, hadi aliponisimulia jinsi alivyopanga foleni tangu alfajiri, miaka ile ya uhaba baada ya vita vya Kagera, akiwa amenibeba mgongoni, na mara nyingine akarudi bila hata kipande kimoja.

Kijana wetu hununua umeme wa shilingi 2,000 leo, kesho kutwa tena 2,000, na bando la siku kila asubuhi. Nilipojumlisha, bando hizo zilizidi bei ya bando la mwezi. Lakini yeye hulipwa kwa siku, na siku nyingine kazi haipo, kwa hiyo fedha ya mwezi mzima hajawahi kuishika kwa pamoja. Nakiri sikuwa nimelifikiria hilo. Sisi wa katikati, ada za wadogo zake na dawa za presha za mama humaliza karibu kila kitu.

Mchangiaji kutoka Tanga: Baba yangu ni mstaafu, na sehemu kubwa ya pensheni yake huenda kwenye michango ya harusi na misiba. Nilipomsihi apunguze, alinikumbusha ni akina nani waliojaa uani siku tuliyomzika mama.

Mchangiaji kutoka Mombasa: Kwetu mambo ni kinyume. Mimi na mke wangu hununua vitu vya mwezi mzima kwa jumla, ilhali mama hununua mafuta ya kupima na makaa ya mkebe, kwa sababu sisi watoto humtumia fedha kidogo kidogo kwa M-Pesa, kila mmoja kwa siku yake. Tangu mwezi wa tatu tumeanza kumtumia kwa pamoja, na juzi alinunua mtungi wa gesi.