Muziki wa mchezo unasikika, lakini milio ya risasi inakwama

Mpenda_DOS
Wakuu, nina kompyuta ya zamani inayotumia mfumo wa MS-DOS 6.22, yenye kadi ya sauti ya Sound Blaster 16 iliyochomekwa kwenye nafasi ya ISA (aina ya zamani ya tundu la kadi). Muziki wa michezo unapiga vizuri, lakini risasi ya kwanza ikifyatuliwa tu, mlio wake hujirudiarudia kama santuri iliyokwaruzika, na mara nyingine mchezo mzima huganda. Nimebadilisha spika na nyaya bila mafanikio. Tatizo lilianza nilipoongeza kadi ya mtandao. Je, kadi ya sauti imekufa?

Bisibisi
Kadi yako ni nzima, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Muziki huo hutolewa na chipu ya FM, inayounda sauti yenyewe, ambayo mchezo huiandikia moja kwa moja kupitia anwani 388 bila kuhitaji IRQ (njia ya kadi kuishtua prosesa) wala DMA (njia ya kusafirisha data bila kuipitishia prosesa). Mlio wa risasi ni sauti iliyorekodiwa: DMA huisafirisha kutoka kwenye kumbukumbu kipande kwa kipande, na kila kipande kinapokwisha kadi hupeleka ishara kupitia IRQ ili mchezo uandae kingine. Ishara hiyo isipofika, kipande kilekile hurudiwa. Kadi za ISA kwa kawaida haziwezi kuchangia IRQ moja, nami nashuku kwamba kadi ya mtandao imekalia IRQ namba 5 ya kadi ya sauti. Andika SET, ubonyeze Enter, kisha utuletee mstari wa BLASTER, unaotaja mipangilio ya kadi ya sauti.

Mpenda_DOS
Unasomeka hivi: BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6.

Jampa_Moja
Unaweza kuihamishia kadi ya sauti kwenye IRQ 7, ila namba hiyo kwa desturi ni ya mlango wa printa, LPT1. Mimi ningeihamisha kadi ya mtandao iende 10, kwa kuwa baadhi ya michezo ya zamani haiitambui kadi ya sauti iliyo kwenye namba ya juu ya 7. Tena usihadaike na mstari huo wa BLASTER, maana kazi yake ni kuuarifu mchezo tu. Kubadilisha I5 (yaani IRQ 5) kuwa I7 ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili linalosomwa kompyuta ikiwaka, bila kuigusa kadi yenyewe ni sawa na kubandua namba ya mlangoni ilhali mwenye nyumba hajahama.

Mpenda_DOS
Kumbe ndilo kosa nililolifanya wiki iliyopita, kabla sijaurudisha mstari ulivyokuwa! Sasa nimeipa kadi ya mtandao IRQ 10 kwa programu yake ya kusanidi, nikarekebisha namba hiyo kwenye draiva, nikazima na kuwasha upya. Risasi zinalia sawasawa. Umebaki mchezo mmoja tu ambao milio yake bado inakwama.

Bisibisi
Bila shaka huo ulihifadhi I7 ya wiki iliyopita kwenye faili lake. Fungua SETUP ya mchezo wenyewe, uchague upya anwani 220, IRQ 5 na DMA 1.

Mpenda_DOS
Ndivyo ilivyokuwa. Unalia.