Chumvi ya mawe inalowana na ina uchungu, nautoaje uchungu wakati chumvi zote zinayeyuka?

MamaNgonda:
Wakuu, habari za leo. Niko Kunduchi, natia samaki chumvi na kuwaanika, ng'onda. Chumvi nanunua ya mawe kwa gunia. Masika hii gunia halikauki, linavuja chini hadi sakafu inalowa, na samaki wanatoka na uchungu ambao wateja wangu wa Kariakoo wanaulalamikia. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema mle ndani kuna chumvi za magnesiamu. Shuleni wamefundishwa kutenganisha chumvi na mchanga: yeyusha, chuja, kausha. Lakini hizi zote zinayeyuka, nikichuja zinapita pamoja. Nifanyeje?

KijanaWaPwani:
Dada, yeyusha, chuja uchafu, chemsha hadi maji yaishe. Utapata nyeupe pee.

FundiMaabara:
Dada, tafadhali usichemshe hadi yakauke. Ukikausha yote, kila kilichokuwa kwenye maji kinabaki sufuriani, na uchungu wako upo palepale. Utakuwa umechoma mkaa bure.

Binti yako yuko sahihi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali kwa kila kilo, na zikianikwa juani hazigandi kwa pamoja. Chokaa inatangulia, inafuata jasi, na yakibaki kama sehemu moja ya kumi ya maji ya mwanzo, chumvi ya kula inaanza kuganda. Magnesiamu inabaki kwenye maji ya mwisho, yale mazito yanayoteleza mkononi. Mwenye shamba la chumvi akichelewa kuyamwaga, au akivuna bila kuiacha chumvi ichuje vizuri, yale maji yanaingia nayo kwenye gunia. Vunja punje kubwa uitazame kwenye mwanga: ndani utaona vishimo vidogo vyenye maji. Humo ndimo uchungu ulimojificha.

Sasa dawa yake. Lita moja ya maji inabeba takriban gramu 360 za chumvi ya kula, haiongezi. Ikishashiba, ukitia chumvi nyingine inakaa chini bila kuyeyuka. Kloraidi ya magnesiamu bado itapata nafasi humo. Kwa hiyo ponda kwanza punje zako ziwe ndogo, maana usipoziponda maji ya ndani hayatoki. Kwenye ndoo nyingine koroga maji safi na chumvi safi mpaka ibaki chini haiyeyuki. Oshea chumvi yako kwa maji hayo, igeuzegeuze, kisha iweke kwenye kapu lililoinuliwa ichuruzike kabisa. Rudia. Kuchuruzika ndiyo kazi yenyewe. Ukiianika bado imelowa, umeurudisha uchungu. Ukioshea maji matupu nusu ya mtaji itaenda na maji.

MwanaKemia_Mbagala:
Mkuu, kwa nini asitie magadi? Yatashusha magnesiamu na kalisi (kalsiamu, ile ya chokaa na jasi) zikae chini kama mashapo meupe, achuje, amalize.

FundiMaabara:
Kikemia ni kweli, viwandani wanatumia sodiamu kaboneti iliyosafishwa. Lakini magadi ya sokoni mengi yana floridi nyingi, na huyu mama anauza chakula. Halafu ukizidisha, maji yanabaki na ukali wa magadi ambao itabidi uutulize kwa asidi. Mtu asiye na maabara nisingemshauri hivyo.

MamaNgonda:
Asante sana kaka. Nitajuaje kama imetoka? Binti anasema kwenye moto kila chumvi ina rangi yake.

FundiMaabara:
Kwa mchanganyiko huu moto hautamsaidia. Njano ya sodiamu ni kali mno, inafunika nyekundu ya kalisi, na magnesiamu yenyewe haitoi rangi. Amwombe mwalimu wake maabara: ayeyushe kidogo kwenye maji safi, achuje, adondoshee kostiki (maji ya kostiki soda). Chumvi safi maji yanabaki maangavu, unaona upande wa pili. Yenye magnesiamu yanakuwa kama maziwa yaliyozimuliwa, na kuongeza kostiki hakuyasafishi. Kalisi nyingi nayo huchafua maji hivyo, kwa hiyo apime sampuli nyingine kwa amonia: magnesiamu itachafuka, kalisi haitachafuka. Wewe usiguse kostiki nyumbani, inachoma ngozi na macho.

Kwako weka visosi viwili kivulini, kimoja kina chumvi uliyoosha, kingine ambayo hujaosha. Kloraidi ya magnesiamu inavuta maji unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 33 tu, na Dar kila siku tuko juu ya hapo. Chumvi safi inasubiri hadi 75. Usiku wa mvua zote zitalowa, kwa hiyo angalia mchana wa jua, ile chafu itakuwa bado imeshika maji.

Na ya kupikia nyumbani, dada, endelea kununua yenye madini joto. Hii ya mawe uliyoosha ni ya samaki.